KUWASAIDIA WANAFUNZI WA KIJAPANI WANAOKUJA KUTAZAMA KAZI

Haya ni maneno ya hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa kazini katika mkutano wa matawi yote. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe, ndugu na dada wafanya kazi,

Tunawashukuru kwa kuja, maana twajua kwamba wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala. Hatutawachosha. Jambo tulilo nalo ni moja. Mwajiri wa kiwanda kimoja ambamo wanachama wetu hushona nguo ametuarifu kwa barua kwamba mwezi wa Septemba watakuja wanafunzi 12 wa chuo kikuu kutoka Japani, pamoja na mwalimu wao, kutazama kazi kwa muda wa siku 3. Anaomba wafanya kazi wawasaidie.

Katika matawi tumesikia maneno ya namna mbili. Wengine wanasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wengine wanasema, "Yaliyotupata mwaka jana yatosha. Mwaka huu waje wamtazame meneja." Kamati yetu ilitumwa kuyapima maneno haya na kuleta shauri mbele yenu. Shauri letu ni kwamba tuwapokee na tuwasaidie kwa moyo, lakini tuwapokee kwa masharti. Tutaeleza kwa nini.

YALIYOTUPATA MWAKA JANA

Yafaa kwanza tuyaseme yaliyopita, maana kidonda kisichooshwa hakiponi. Mwaka jana walikuja wanafunzi 9 katika kiwanda hicho. Sisi tulisikia habari zao siku mbili mbele, kwa maneno ya njiani tu, wala hatukuuliza. Wageni walipokewa langoni, wakapelekwa ofisini, wakapewa chai, wakaonyeshwa picha ukutani za mashati yanayopelekwa ng'ambo. Kisha wakapitishwa kiwandani kwa dakika 20, wamepanga mstari, kama watu wanaotazama wanyama mbugani.

Katika safu ya pili ya cherehani walisimama mbele ya dada yetu mmoja anayeshona kola. Mwanafunzi mmoja akamwuliza, kwa kupitia karani aliyekuwa akifasiri, kama hupata wakati wa kupumzika. Dada akajibu kwa upole, bila kuondoa mguu kwenye mashine, "Tangu asubuhi sijainuka hapa." Karani akawageukia wageni, akawaambia kwa Kiingereza kwamba dada huyu anasema anaipenda sana kazi yake.

Msicheke, ndugu. Katika wale 9 mmoja alikuwa akisoma Kiswahili kwao, maana katika Chuo Kikuu cha Osaka Kiswahili ni somo ambalo mwanafunzi aweza kulishika tangu kuingia mpaka kuhitimu, kama mwingine anavyoshika sheria au udaktari. Kijana yule aliyasikia maneno ya dada, akayasikia na ya karani. Akainamisha uso. Hakusema neno, kwa kuwa mwalimu wake alikuwapo na mwenyeji wake alikuwapo. Lakini walipokuwa wakitoka alirudi nyuma hatua chache, akamwambia dada kwa Kiswahili, "Samahani mama, nimekusikia."

Hayo ni ya mgeni. Ya mwenyeji ni haya. Kwa kuwa dada na wenzake wanne walisimamishwa kujibu maswali, kazi yao ililala. Jioni hesabu ilipofanywa, yeye peke yake alipungukiwa na kola 14, na wote watano wakakosa nyongeza ya siku hiyo. Msimamizi alisema kwamba wageni si kisingizio. Tulilipeleka jambo hilo ofisini, na wiki 3 zikapita kabla hawajalipwa haki yao.

Kwa hiyo ndugu wanaosema "waje wamtazame meneja" hatuwalaumu. Lakini kosa halikuwa la wanafunzi. Kosa lilikuwa katika namna walivyopokewa, na fungu moja la kosa hilo ni letu, kwa sababu tulisikia tukanyamaza.

WAJAPANI NA SAFARI ZA KUJIFUNZA

Ndugu, ni vizuri tujue ni watu gani wanaokuja. Vijana hawa si wa kwanza. Tangu mwaka 1635 serikali ya Japani ilikataza raia wake kutoka nje ya nchi, na adhabu yake ilikuwa kifo. Amri hiyo iliondolewa mwaka 1866 tu. Hata hivyo, mwaka 1863, amri ikiwa bado na nguvu, vijana watano wa jimbo la Choshu walitoroka katika bandari ya Yokohama kwa msaada wa wafanya biashara Waingereza, wakaenda London kujifunza.

Inasimuliwa kwamba walipofika Shanghai wawili wao, Ito Hirobumi na Inoue Kaoru, waliulizwa wanataka kujifunza nini. Kiingereza chao kilikuwa cha maneno machache. Walitaka kusema habari za jeshi la majini, lakini neno lililowatoka lilikuwa la kuendesha meli. Basi wakapewa walichoomba. Walitiwa katika meli iitwayo Pegasus, wakafanyishwa kazi ya ubaharia, kuvuta kamba na kusugua sitaha, mpaka Uingereza. Ito huyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885. Tazameni jinsi neno moja lililofasiriwa vibaya linavyoweza kumfikisha mtu mahali asipopataka. Karani wetu wa mwaka jana alikuwa na ndugu zake zamani.

Huko London profesa mmoja wa kemia, Alexander Williamson, aliwasimamia, na wengine akawakaribisha nyumbani kwake. Hakuwajua, wala hakuijua lugha yao, lakini aliwapa chumba, meza na mtu wa kumwuliza. Hilo ndilo tunaloliita kumsaidia mwanafunzi.

Mmoja wa watano hao, Yamao Yozo, hakutosheka na vitabu. Alikwenda Glasgow, akafanya kazi mchana katika karakana ya meli ya Napier, na jioni akasoma katika chuo cha Anderson. Karakanani aliwaona mafundi viziwi wakifanya kazi sawasawa na wenzao, wakisemezana kwa mikono. Aliporudi Japani alikuwa mmoja wa watu walioanzisha chuo cha uhandisi cha serikali. Lakini pia mwaka 1871 aliiandikia serikali yake kuomba shule za vipofu na viziwi, na mwaka 1880 shule ya namna hiyo ikafunguliwa Tokyo. Jambo la viziwi hakulipata katika kitabu cha injini. Alilipata kwa sababu alikaa na wafanya kazi, akala nao, akatazama mikono yao.

MWANAFUNZI ALIYELETA MASHINE

Sasa tutawasimulia habari za watu wawili wengine, na tunaomba mzitie akilini, kwa sababu shauri letu lote limesimama juu yao.

Mnamo mwaka 1879 kulikuwa na kijana wa Kijapani huko London aitwaye Yamanobe Takeo. Alikuwa akisoma mambo ya uchumi. Akapata ujumbe kutoka kwa Shibusawa Eiichi, mwenye benki mashuhuri wa Tokyo, kwamba Japani inanunua nyuzi nyingi mno za pamba kutoka ng'ambo, na yeye aache masomo yake ajifunze kusokota nyuzi kwa mashine. Akapelekewa na fedha. Yamanobe akajifunza kwanza mambo ya mashine katika chuo cha King's, London. Kisha akaenda Lancashire, jimbo la viwanda vya pamba, kutafuta kiwanda cha kumpokea.

Ndugu, haikuwa rahisi. Nani atamfungulia mlango mtu anayekuja kujifunza ili akashindane naye? Mwishowe mwenye kiwanda mmoja katika mji wa Blackburn alikubali kumpokea kwa malipo. Humo akajifunza kazi tangu robota la pamba kufunguliwa mpaka nyuzi kuuzwa.

Akarudi nyumbani. Mwaka 1882 kampuni ya kusokota pamba ikaundwa Osaka, na mwaka 1883 kiwanda kikaanza kazi kikiwa na vijiti vya kusokotea 10,500, wakati viwanda vilivyosaidiwa na serikali vilikuwa na 2,000 hivi. Mashine zilitoka Uingereza, kwa Platt Brothers wa Oldham. Kampuni ikapata faida, na wengine wakaiga. Kwa upande wa mashine na faida, mwanafunzi huyo alifaulu kabisa.

Lakini tazameni upande wa pili. Katika Lancashire ya wakati ule sheria ilikwisha kukataza wanawake na vijana kufanya kazi usiku viwandani, na juma la kazi katika viwanda vya nguo lilikuwa saa 56 na nusu. Sheria hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Wafanya kazi walizipigania miaka mingi. Huko Osaka kiwanda kiliendeshwa mchana na usiku, kwa zamu mbili. Wasichana wa vijijini walifanya kazi usiku kucha, na katika miaka iliyofuata, viwanda vilipozidi kuwa vingi, maelfu yao walilazwa katika mabweni ya kampuni, wasiruhusiwe kutoka watakavyo. Sheria ya viwanda ya Japani ilipitishwa mwaka 1911, ikaanza kazi mwaka 1916, na kazi ya usiku ya wanawake viwandani haikukomeshwa mpaka mwaka 1929. Hesabuni wenyewe: toka 1883 mpaka 1929 ni miaka 46.

Mashine ilisafiri mwaka mmoja, na kinga ya mfanya kazi ikasafiri miaka 46. Hatusemi kwamba Yamanobe alikuwa mtu mbaya. Alitumwa kujifunza mashine, akalipiwa ajifunze mashine, na waliompokea walimfundisha mashine.

KIJANA ALIYELETA CHAMA

Mtu wa pili ni Takano Fusataro. Huyu alikwenda Marekani mwaka 1886, akiwa kijana wa miaka 17. Hakuwa na tajiri wa kumpelekea fedha. Alifanya kazi za namna nyingi ili ale, na alipopata nafasi alisoma habari za vyama vya wafanya kazi. Akamwandikia barua Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya Marekani. Gompers alikuwa mtu mwenye kazi nyingi, lakini alimjibu kijana huyu mgeni, akaonana naye, akampa na cheo cha kuwa mwakilishi wa kuanzisha vyama katika Japani.

Takano alirudi kwao mwaka 1896. Mwaka uliofuata, 1897, yeye na wenzake, akiwamo Katayama Sen ambaye naye alikuwa amesoma Marekani, waliunda jumuiya ya kusaidia kuanzisha vyama vya wafanya kazi. Kabla mwaka huo kwisha mafundi wa chuma walikuwa na chama chao chenye wanachama zaidi ya 1,000. Mwaka 1900 serikali ilitunga sheria ya polisi iliyovibana sana vyama hivi, vikavunjika. Takano akafa ng'ambo, huko China, mwaka 1904. Lakini mbegu ilikwisha kupandwa. Baada ya vita, Japani ilipata sheria ya vyama vya wafanya kazi mwaka 1945, na sheria ya hali za kazi mwaka 1947.

Basi, ndugu, hawa wawili walitoka nchi moja, wakati unaokaribiana, wote wakaenda nchi za viwanda kujifunza. Mmoja akafunguliwa mlango na mwenye kiwanda, mwingine akafunguliwa mlango na kiongozi wa wafanya kazi. Kila mmoja alirudi na kile alichoonyeshwa.

Hapo ndipo tunapowajibu wanaosema "waje wamtazame meneja." Ikiwa wanafunzi 12 watamwona meneja peke yake, watarudi na habari za meneja peke yake. Baada ya miaka 15 baadhi yao watakuwa wameketi katika ofisi ambazo huagiza mashati, huchagua viwanda na hupanga bei. Nani atakuwa amewaambia kwamba bei ikipunguzwa shilingi moja, ni mgongo wa dada wa safu ya pili unaoilipa shilingi hiyo?

WAGENI WETU WAKOJE

Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili. Likizo ndefu za vyuo vikuu huwa katika Agosti na Septemba, na tena Februari na Machi. Ndiyo maana wageni wa namna hii hutujia katika miezi hiyo. Makampuni makubwa huko huajiri vijana waliohitimu kwa pamoja, kila Aprili, na mwanafunzi huanza kutafuta kazi mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuhitimu. Hivyo kijana anayekuja hapa hatembei tu. Anapima maisha yake yatakuwa ya namna gani. Serikali yao nayo yawatia moyo. Tangu mwaka 2014 kuna mpango wa kuwapeleka wanafunzi ng'ambo kwa fedha zilizochangwa na makampuni, na mwanafunzi hujipangia mwenyewe masomo na kazi za mikono atakazofanya huko.

Kuna mambo machache ya desturi ambayo yatatuepusha na kukosana.

Mjapani akikupa kadi yake ya jina huitoa kwa mikono miwili. Ipokee kwa mikono miwili, uisome, ndipo uiweke. Usiitie mfuko wa nyuma ukaikalia.

Ukimweleza jambo naye akatikisa kichwa na kusema "hai, hai", mara nyingi maana yake ni "nasikia, endelea." Si lazima awe amekubali au ameelewa. Mwulize kwa utaratibu arudie.

Ukisema mbele ya watu wote, "Nani ana swali?" huenda pakawa kimya kabisa. Usidhani kwamba wamekudharau. Wengi huona haya kuuliza mbele ya mwalimu na wenzao. Wape karatasi jana yake waandike maswali, au ngoja mpaka mwe wawili watatu, utaona jinsi wanavyouliza.

Huja na zawadi ndogo ndogo, pengine peremende. Zipokelewe kwa niaba ya safu yote, na zigawanywe kwa wote. Tusianze kugombana kwa ajili ya peremende.

Na wakisema saa mbili, ni saa mbili. Hapo sisi wenyewe tuna la kujifunza.

MASHARTI TUNAYOLETA

Masharti si matusi. Hata Wajapani wenyewe walifanya hivyo. Mwaka 1955 Kituo cha Uzalishaji cha Japani kilipoundwa, kilianza kupeleka vikundi vingi Marekani kutazama viwanda, na viongozi wa wafanya kazi walikaribishwa kusafiri navyo. Shirikisho kubwa, Sohyo, lilikataa kushirikiana. Shirikisho jingine, Sodomei, lilikubali kwa masharti. Na kituo chenyewe kilitangaza kanuni tatu: kulinda na kuongeza ajira, waajiri na wafanya kazi kushauriana, na faida kugawanywa kwa haki. Basi nasi twaomba hivi:

1. Chama kiarifiwe kwa barua siku 14 mbele, pamoja na ratiba, na mjumbe wetu akae katika kamati ya kuwapokea wageni.

2. Saa zote zitakazotumiwa kwa wageni zitolewe katika hesabu ya kazi ya siku. Safu ikisimama nusu saa, kipimo cha safu kipunguzwe kwa nusu saa. Asiwepo tena mtu wa kukosa nyongeza yake kwa sababu ya ukarimu.

3. Mfasiri achaguliwe kwa mapatano ya pande mbili. Afasiri sentensi kwa sentensi, lililosemwa na si lililotakiwa kusemwa. Mwanafunzi anayejua Kiswahili apewe nafasi ya kusema mwenyewe, hata kama anakwama kwama. Tumngojee, kama Williamson alivyowangojea wale watano.

4. Kila siku wageni wakae nusu saa na wafanya kazi wakati wa chai, bila msimamizi kuwapo. Na mwajiri atie sahihi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema kweli. Sisi nasi tutaahidi kwamba hatutatoa siri za kazi, kama vile mitindo na bei za wanunuzi. Kweli ya hali ya kazi si siri ya biashara.

5. Usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mfanya kazi, na pia mtu mwingine aliye mahali pa kazi. Viatu vya kufunika, nywele zifungwe, kamba za shingoni zivuliwe. Waonyeshwe milango ya moto kabla ya kuonyeshwa cherehani. Katika chumba cha kukatia waingie wanne wanne tu, na mtu mmoja asimamie kisu cha mashine. Twakumbuka kwamba mwaka jana mwanafunzi mmoja alinyosha mkono kushika kitambaa kisu kikiwa kinakwenda, na fundi akamvuta bega. Mungu alisaidia.

6. Picha. Mtu aulizwe kabla ya kupigwa picha kwa simu, na akikataa asilazimishwe. Tuna sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, lakini hata bila sheria hiyo ni adabu tu.

7. Mwanafunzi asitumiwe badala ya mfanya kazi. Asishone shati la kuuzwa. Akijifunza, ajifunze juu ya vipande vilivyotupwa.

SIKU TATU ZENYEWE

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumepanga siku 3 kwa kuufuata usemi huo.

Siku ya kwanza wafuate shati moja tu, tangu kitambaa kinapotandazwa mezani mpaka boksi linapofungwa. Wasitazame kila kitu. Kila kituo mfanya kazi mmoja awaambie mambo matatu: anafanya nini, alijifunza kwa muda gani, na kosa lipi hutokea mara kwa mara.

Siku ya pili asubuhi waende ofisini, wasikie habari za soko, umeme, ushuru na bandari, maana mwajiri naye ana mzigo wake na yafaa wausikie. Mchana waje kwenye ofisi ya chama. Tuwaonyeshe mkataba wetu, jinsi malalamiko yanavyopelekwa, na daftari la watu walioumia kazini.

Siku ya tatu wapewe jembe. Kila mmoja akae na fundi, atie uzi kwenye sindano, ajaribu kushona kola juu ya kipande kilichotupwa. Ataharibu, na itakuwa vizuri aharibu. Mtu aliyejaribu kola kwa saa moja akashindwa hatasema tena kwamba kazi ya cherehani ni kazi isiyo na ujuzi.

Jioni Wajapani wana desturi ya kukaa pamoja na kupima siku ilivyokwenda, nini kilifanywa vizuri na nini kilikosewa. Tuombe wajumbe wetu wawili wakae nao. Na kwa kuwa wakirudi kwao huandika taarifa, tuombe nakala iletwe kwetu, sehemu zinazotuhusu zitiwe katika Kiswahili. Tutaichapa katika kurasa hizi hata kama inatusema vibaya.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Ndugu mmoja ameuliza kama hawa hawatakuja kutunyang'anya kazi. Mwanafunzi wa siku 3 hanyang'anyi kazi ya mtu. Kinachonyang'anya kazi ni mashauri yanayofanywa mbali na watu wasiotujua. Basi na watujue.

Mwingine ameuliza, sisi tunapata nini? Kwanza, tunapata sikio huko. Pili, tunapata haki ya kuomba. Tangu mwaka 2014 Japani imekuwa ikiwachukua vijana wa Afrika, wakiwamo wa Kenya, kusoma shahada ya pili huko na kufanya mazoezi ya kazi katika makampuni yao. Kamati yaonelea kwamba tumwombe mwalimu wa wageni atuunganishe na chama cha wafanya kazi wa nguo huko kwao, ili siku moja mshonaji wetu, si mwenye shahada peke yake, apande ndege akatazame wenzake. Hatuwezi kuahidi kwamba litafanikiwa. Lakini asiyeomba hanyimwi.

Mwingine, na huyu ni yule dada wa safu ya pili, hakuuliza swali. Tulimwendea nyumbani kumwomba ruhusa ya kulitaja jambo lake hapa. Akasema tulitaje, ila jina lake tuliache. Kisha akasema, "Yule kijana akija tena, mleteni kwenye mashine yangu. Nataka nimwonyeshe kola inavyogeuzwa pembe." Tukamwuliza, je, na kola 14? Akasema, "Hizo ni za chama na ofisi. Kijana hakunidhulumu."

Ndugu wajumbe, hilo ndilo neno la mfanya kazi. Anajua nani amemdhulumu na nani hakumdhulumu, na anajua kutenganisha mambo hayo mawili. Nasi tufanye vivyo hivyo. Haki yetu tuidai kwa mwajiri kwa maandishi, na mgeni wetu tumpokee kwa mikono miwili.

Sasa tunaliweka shauri hili mbele yenu. Liulizwe maswali, litiwe maneno, kisha lipigiwe kura tawi kwa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Likikubaliwa, Katibu atapeleka masharti yale 7 kwa mwajiri. Akiyakubali, wanafunzi 12 watatukuta tumejipanga. Akiyakataa, tutawaandikia wanafunzi na mwalimu wao barua ya adabu kuwaeleza kwamba mlango wa kiwanda ni wa mwajiri, lakini mlango wa ofisi ya chama u wazi, na chai ipo.

Umoja ni nguvu.